Nyumba ya Wazee Inunuliwe, Lakini Maswali Yatangulie Saini

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tumezoea kuitumia methali hii mali ikishapotea. Kila mwezi Aprili, taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali inapowekwa mezani bungeni, tunashtuka kwa wiki mbili, tunayataja mabilioni, tunadai watu wafukuzwe kazi, kisha tunarudi katika shughuli zetu kungoja Aprili nyingine. Katika makala haya ninatetea hoja moja. Serikali inaponunua jengo kwa ajili ya watu dhaifu, na hasa makazi ya wazee, uchunguzi unaofuata malipo humkamata mwizi, tena mara chache. Uchunguzi unaotangulia saini ndio unaomwokoa mzee.

Ninaandika nikiwa na Masasi na Newala akilini. Masasi imekaa chini, kati ya vilima vya mawe. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, mahali ambapo mtu akisimama Shimo la Mungu huliona bonde likishuka kuelekea Ruvuma. Ni wilaya za korosho, na pia ni wilaya ambazo kwa miaka mingi zimewapeleka vijana wao mijini kutafuta maisha. Kijana akiondoka, anayebaki shambani ni bibi, na mara nyingi bibi huyo amebaki na wajukuu. Ukoo wa upande wa mama, ambao kwa Wamakonde ndio uliokuwa bima ya uzeeni, bado upo, lakini wajomba na wapwa wametawanyika, na simu haiwezi kumwogesha mtu asiyeweza kuinuka kitandani.

Takwimu zinaonyesha kwamba jambo hili si la wilaya mbili tu. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi kuwa 2,507,508, sawa na asilimia 5.6 ya Watanzania wote. Sensa ya mwaka 2022 ilitupa jumla ya watu 61,741,120. Hata tukichukua kwamba uwiano haukubadilika, hiyo ni zaidi ya wazee milioni 3.4. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitambua familia kuwa ndiyo mlezi wa kwanza wa mzee, na makazi ya serikali yamebaki kuwa kimbilio la wasio na mtu. Makazi hayo ni machache, na baadhi yake, kama Nunge kule Kigamboni, yalianza kama kambi za wagonjwa wa ukoma. Masasi kwenyewe kuna makazi ya Mkaseka. Zanzibar wanayo ya Sebleni na Welezo, na tangu Aprili 2016 wamewaongezea wazee wa miaka 70 na kuendelea pensheni ya kila mwezi isiyotegemea kama mtu aliwahi kuajiriwa.

Kwa mwelekeo huu, siku si nyingi halmashauri zetu, au wizara, zitakabiliwa na pendekezo la kupanua huduma hiyo. Pendekezo linalovutia zaidi litakuwa kununua jengo lililokwisha kujengwa: nyumba ya wageni iliyokosa wateja, hosteli, zahanati binafsi iliyofungwa. Kununua ni haraka kuliko kujenga. Jengo linaonekana, picha inapigika, utepe unakatika. Sipingi ununuzi wa namna hiyo. Ninasema tu kwamba tunao uzoefu wa kutosha, wetu na wa jirani zetu, kujua mambo huharibikia wapi.

Wakulima wa uwanda wa Makonde hawahitaji kufundishwa na mhadhiri maana ya serikali kuwa mnunuzi. Novemba 2018, baada ya minada kukwama kwa sababu ya bei, Rais alitangaza kwamba serikali ingenunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi likapewa kazi ya kuisomba. Wengi walishangilia, na walikuwa na sababu, kwani bei ile ilikuwa juu ya zile zilizotolewa mnadani. Lakini uamuzi ulitangulia hesabu. Baada ya tangazo ndipo yalipoanza maswali ambayo yangepaswa kuulizwa kabla yake: fedha ziko wapi, nani ahakikiwe, mzigo utabanguliwa wapi, utauzwa kwa nani. Wenye zaidi ya kilo 1,500 walihakikiwa hadi shambani kwa hofu ya kangomba, na wapo waliongoja malipo yao kwa miezi. Mkataba wa kuiuzia kampuni moja ya Kenya tani 100,000, uliotiwa saini Januari 2019, haukuzaa biashara. Nia njema ya mnunuzi haikumlisha mkulima katika miezi ile ya kungoja. Mkulima angalau alikuwa na nguvu ya kungoja na mdomo wa kulalamika. Mzee wa miaka 85 asiye na mtu hana hata kimoja.

Tuje sasa kwenye ununuzi wa jengo. Mfano unaojulikana zaidi nchini mwetu haukutokea Mtwara, bali Roma. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, serikali ya Awamu ya Tatu ilinunua jengo kwa ajili ya ubalozi wetu nchini Italia kwa bei iliyozidi Euro milioni 3. Mwaka 2007 aliyekuwa balozi, Profesa Costa Mahalu, na afisa mwenzake walifikishwa katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, wakituhumiwa kuhujumu zaidi ya Euro milioni 2. Kiini cha kesi kilikuwa kuwepo kwa mikataba miwili yenye bei mbili kwa jengo lile lile moja. Mei 2012 Rais mstaafu Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, alipanda kizimbani kama shahidi wa utetezi na kueleza kwamba serikali yake iliufahamu na kuuridhia ununuzi ule. Agosti mwaka huo huo washtakiwa waliachiwa huru.

Wapo wanaoikumbuka kesi hiyo kama ushahidi kwamba wakubwa hawafungwi. Sikubaliani nao, mahakama ilisikiliza ushahidi na kuamua, na aliyeachiwa huru ni huru. Somo lake liko kwingine. Kama bei, namna ya malipo na sababu za kuwa na mikataba miwili zingeandikwa wazi na kuwekwa mbele ya Bunge siku ile ya ununuzi, ama kosa lingezuiwa, au wasio na kosa wasingekaa miaka mitano kizimbani. Siri ilimuumiza mlipakodi aliyebaki na shaka, na ikawaumiza pia watumishi waliofanya kazi waliyotumwa. Hili ningependa watumishi wa umma wanaosoma makala haya walizingatie kuliko jambo jingine lolote. Uwazi kabla ya ununuzi ni ngao ya mtumishi mwadilifu. Anayemwambia mkurugenzi, "Tuliweke hili wazi kwanza," hamhujumu bosi wake. Anamlinda yeye na kujilinda mwenyewe.

Kenya wanatupa somo la pili. Mwaka 2015 Wizara ya Afya ya nchi hiyo iliagiza zahanati 100 zilizotengenezwa ndani ya makontena, kwa bei ya takriban shilingi milioni 10 za Kenya kila moja, ili zipelekwe katika mitaa ya watu maskini. Mwaka 2016 taarifa ya ukaguzi wa ndani ilipovuja na kuchapishwa magazetini, kelele zilikuwa kubwa. Nyingi zilihusu nani alipata zabuni. Wakati huo makontena yalikuwa yamelala Miritini, Mombasa, na yakaendelea kulala huko kwa miaka. Tuweke kando suala la bei. Hata kama kila kontena lingenunuliwa kwa nusu ya fedha ile, bila kiwanja cha kuliweka, bila umeme, bila maji na bila wauguzi lingebaki kuwa sanduku la chuma juani. Ununuzi wa bei nafuu wa kitu kisichotumika bado ni ufujaji.

Uganda wanatupa la tatu. Machi 2019 Bunge la nchi hiyo liliidhinisha dhamana ya serikali ya hadi Dola milioni 379.7 kwa ujenzi wa hospitali ya kibingwa Lubowa, nje kidogo ya Kampala. Waliopiga kura ya ndiyo walikuwa wawakilishi wa wananchi. Lakini wabunge walipokwenda kuona kilichokuwa kikiendelea pale, walizuiwa mlangoni. Hapo ndipo ulipo udhaifu wa uchunguzi unaosubiri: ukishaidhinisha fedha, umeshautoa ufunguo mkononi. Kama mbunge wa taifa anazuiwa getini, itakuwaje kwa mjumbe wa serikali ya kijiji?

Nimekwisha kuambiwa na wanafunzi wangu kwamba hayo yote ni matatizo ya nchi maskini. Si kweli. Mwaka 2011 Uingereza, kampuni ya Southern Cross, iliyokuwa ikiendesha nyumba za wazee zipatazo 750 zenye wakazi wapatao 31,000, ilianguka. Majengo mengi ilimokuwa ikitoa huduma hayakuwa yake. Alikuwepo mwenye jengo, na alikuwepo mwenye kulea. Kodi ya pango ilipomshinda mlezi, wazee 31,000 na jamaa zao waliamka wasijue kesho yao iko mikononi mwa nani. Kununua jengo na kununua malezi ni mambo mawili tofauti. Aliyenunua la kwanza bila la pili hajawanunulia wazee kitu.

Historia ya Masasi inathibitisha jambo hilo hilo kutoka upande wa pili. Mwaka 1935 daktari Mwingereza, Leader Stirling, alifika eneo hili chini ya misioni ya Kianglikana na kufanya kazi Lulindi. Hospitali yake ya mwanzo ilikuwa ya vifaa vilivyopatikana porini, miti na udongo na nyasi. Lakini kulikuwa na wauguzi waliofundishwa, tena vijana wa hapa hapa, na watu walitibiwa. Stirling baadaye aliingia Bunge na kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania katika miaka ya 1970. Hospitali ya Mkomaindo pale Masasi mjini ilianzia mikononi mwa misioni hiyo, na leo ni ya serikali. Ndanda imebaki mikononi mwa Wabenediktini. Mgonjwa anayetoka kijijini hapimi hospitali hizi kwa kuangalia hati miliki iko kwa nani. Hupima kwa kuangalia kama atamkuta muuguzi usiku. Wazee wetu watapima vivyo hivyo.

Kwa hiyo, iwapo kesho itatangazwa kwamba halmashauri, ya Masasi au ya Newala, ya mji au ya wilaya, inakusudia kununua jengo kwa ajili ya wazee, tuulize nini kabla ya saini?

Swali la kwanza ni la uhitaji. Wazee watakaoingia humo ni kina nani, wanaishi wapi sasa, na nani amewauliza? Orodha ya wazee wasio na walezi inaweza kuandikwa kijiji kwa kijiji kwa siku chache na watendaji wa vijiji wakishirikiana na mabaraza ya wazee. Kama orodha hiyo haipo, hatujui tunanunua vitanda 20 au 200. Jengo likitangulia orodha, orodha itatengenezwa ili ilifae jengo.

La pili ni la thamani na umiliki. Tuna Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016, na tuna Mthamini Mkuu wa Serikali. Ripoti ya uthamini isomwe katika kikao cha Baraza la Madiwani, si ihifadhiwe katika faili la mtu. Itajwe pia nani anauza, alilipata lini jengo hilo, na ana uhusiano gani na wanaonunua. Hili halimvunjii mtu heshima. Mwenye kuuza mali yake kwa fedha za umma amekubali kwamba umma umwone usoni.

La tatu ni la mahali. Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mto wa kudumu. Vizazi vya wanawake vimeshuka bondeni na kupanda na maji kichwani, na mradi wa maji wa Makonde umekuwa ukisubiriwa, ukiharibika na ukitengenezwa tangu enzi za ukoloni. Tufanye hesabu ndogo ya mfano. Makazi yenye wazee 40, ambao wengine hawawezi kwenda chooni peke yao, yakitumia ndoo tano za lita 20 kwa kila mzee kwa siku kwa kuoga, kufua, kupika na usafi, yanahitaji lita 4,000 kila siku. Pampu ikisimama wiki moja, zinahitajika lita 28,000 kutoka mahali pengine. Je, jengo linalouzwa lina tangi la kiasi hicho? Lina mapaa yenye mifereji ya kuvunia mvua? Gari la wagonjwa litalifikia masika? Haya hayamo katika mkataba wa mauzo, lakini ndiyo yatakayoamua kama mzee atalala mkavu au mchafu.

La nne ni la walezi. Katika mfano huo huo, tukisema mlezi mmoja kwa wazee wanane, tunahitaji walezi watano kwa kila zamu. Zamu tatu kwa siku ni walezi 15, kabla hatujahesabu likizo, wagonjwa, mpishi, mlinzi na muuguzi. Jengo linanunuliwa mara moja. Mishahara hulipwa kila mwezi milele. Bajeti ya maendeleo ikinunua nyumba, bajeti ya matumizi ya kawaida ndiyo itakayoilisha. Diwani aulize: nafasi hizo za ajira zimeombwa na kupewa kibali? Kama jibu ni "tutaangalia baadaye", basi kura iwe ya hapana mpaka hiyo baadaye ifike.

La tano ni la uwajibikaji baada ya kuingia. Mzee akipigwa, akinyimwa chakula, akiibiwa shuka, atamwambia nani ambaye si yule aliyemtendea? Ninapendekeza kila makazi yawe na kamati yenye wazee wenyewe, viongozi wa dini, muuguzi kutoka hospitali ya karibu na mwakilishi wa kijiji, yenye haki ya kuingia wakati wowote bila barua ya mkurugenzi. Tusingoje kuzuiwa getini kama wenzetu wa Lubowa. Haki ya kuingia iandikwe katika azimio lile lile la kununua.

Mtu anaweza kusema kwamba kazi hiyo ni ya mkaguzi. Ninamheshimu sana Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, ambaye kazi yake imewekwa na Ibara ya 143 ya Katiba. Lakini tuangalie kalenda. Jengo lililonunuliwa Julai mwaka huu linaingia katika mwaka wa fedha unaoisha Juni mwaka ujao, na taarifa ya mwaka huo inawafikia wananchi Aprili ya mwaka unaofuata. Hiyo ni miezi 21. Ndipo kamati za Bunge zianze kuhoji. Kwa kijana, miezi 21 ni kungoja. Kwa mzee wa miaka 85 inaweza kuwa ndiyo maisha yote yaliyobaki. Atakuwa amekufa katika nyumba mbaya kabla ya sisi kusoma kwamba ilikuwa mbaya.

Upo upinzani wa aina nyingine, na huu ninauchukua kwa uzito zaidi. Watumishi wengi huniambia kwamba maswali yakizidi, hakuna kitakachofanyika: afisa ataogopa kuweka saini, fedha zitarudi hazina Juni 30, na mzee atabaki chini ya mwembe. Ni kweli kwamba kuna kuhoji kunakoua. Mwanaharakati anayepiga kelele ya ufisadi kila serikali inaponunua kijiko anawafundisha viongozi kwamba njia salama ni kutonunua kitu. Lakini maswali matano niliyoyaeleza hayahitaji tume wala mwaka mzima. Yanahitaji kikao kimoja cha kata, kikao kimoja cha Baraza la Madiwani na karatasi chache zilizobandikwa ukutani kwenye ofisi ya kijiji. Sheria ya Ununuzi wa Umma, iliyotungwa upya mwaka 2023, na mfumo wa NeST vimeweka sehemu kubwa ya taratibu za zabuni katika kompyuta. Hilo ni jema, lakini mfumo unaweza kutuambia kama hatua zilifuatwa. Hauwezi kutuambia kama nyumba ina maji. Hilo analijua mama anayeishi jirani nayo.

Upo pia upinzani wa mila: kwamba mzee wa Kimakonde, au wa Kiyao, au wa Kimakua, hawekwi katika nyumba ya serikali, na kwamba kuinunua ni kuhalalisha utelekezaji. Ninauelewa uchungu wa hoja hii. Mzee kulelewa na damu yake ni heshima isiyonunulika. Lakini wanaotamka hoja hii kwa sauti kubwa mara nyingi ni wenye familia. Asiye na mtu haondolewi upweke kwa kuambiwa jinsi mila zetu zilivyo nzuri. Na kwa kuwa atakayeingia humo ni yule asiye na mtoto wa kumsemea, umma unapaswa kuwa na wivu juu ya nyumba hiyo kuliko juu ya jengo lingine lolote. Shule ina wazazi wa kulalamika. Soko lina wafanyabiashara. Makazi ya wazee yana wakazi ambao hata wakilalamika, wengi wetu husema ni uzee tu.

Kwa wanafunzi, nina ombi. Ibara ya 18 ya Katiba inawapa haki ya kupata taarifa, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaeleza namna ya kuiomba. Likizo ijayo, mkirudi Masasi, Newala, Tandahimba au popote mlikozaliwa, nendeni kwenye ofisi ya kata mkaombe bajeti ya huduma za wazee. Msiende kwa shari. Salimieni, andikeni barua, ngojeni jibu, na kama hakuna jibu andikeni nyingine. Hudhurieni kikao cha Baraza la Madiwani. Ni mikutano inayofunguliwa kwa wananchi, na viti vya wasikilizaji hukaa vitupu. Diwani anayejua kwamba watu ishirini wamekaa nyuma wakiandika huuliza maswali tofauti na diwani aliye peke yake na posho yake.

Kwa wanaharakati: acheni kuingoja Aprili. Orodhesheni sasa, kabla hakuna jengo lolote mezani, masharti ambayo makazi ya wazee yanapaswa kuyatimiza katika wilaya zenu, myapeleke kwa madiwani wote, wa kila chama. Masharti yaliyowekwa kabla ya muuzaji kujulikana hayawezi kuitwa fitina dhidi ya muuzaji.

Na kwa watumishi wa umma: siku moja nanyi mtafikisha miaka 60, mtakabidhi ofisi, na baadhi yenu mtaishi hadi 90. Kati ya majengo mnayoyaidhinisha leo, makazi ya wazee ndiyo pekee ambayo huenda mkayajua kutoka ndani. Kabla ya kuweka saini, nendeni mkalale humo usiku mmoja. Mfungue bomba, muite muuguzi saa nane za usiku, muone kama yupo wa kuitika.